Ng'ombe wa Mama Kule Sri Lanka

Katika harusi zetu za Louisville, ng'ombe walitolewa kwa maneno. Mzee wa upande wa bwana harusi alisimama katikati ya ukumbi wa kukodi, kati ya meza zilizofunikwa kwa plastiki nyeupe, akamsifu ng'ombe ambaye hayupo: rangi yake, pembe zake, mwendo wake anaposhuka mtoni. Mzee wa upande wa bibi harusi akamkagua ng'ombe huyohuyo asiyekuwepo, akamtia kasoro, akadai mwingine mwenye kiwele kikubwa zaidi. Watu wakacheka, wakapiga vigelegele, bahasha ikapita chini kwa chini, na mkwe akawa mkwe. Sisi ni watu wa milima mirefu ya Kivu Kusini, na kwetu ukoo hauungwi bila ng'ombe. Amerika ilitupa nyumba, kazi za maghala na za kutunza wazee, na shule za watoto. Malisho haikutupa. Kwa hiyo tulichunga kwa ulimi.

Harusi ninayoikumbuka ilikuwa ya mdogo wangu, aliyekuwa akipakia mizigo katika ghala moja la mji ule. Mama alikuwa amesafiri kutoka Buffalo, alikoishi na dada yangu; mimi nilitoka Columbus. Siku iliyofuata nilimchukua kwa gari ili akae kwangu wiki moja kabla ya kurudi kwake. Tulipokwisha kuvuka mto Ohio alifungua kinywa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Nyumbani tulichanganya lugha ya milimani na Kiswahili cha Uvira, na mama alipotaka kuwa mkali alichagua Kiswahili.

"Papa," akaniambia, maana akina mama wa kwetu huwaita hivyo watoto wao wa kiume, "mimi nimechoka na ng'ombe za mu kinywa. Nataka ng'ombe yenye kunya."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Nililijua jambo lililokuwa nyuma ya maneno yale. Ng'ombe wa mwisho wa mama alichukuliwa na watu wenye silaha siku tulipoikimbia milima yetu. Alikuwa na mimba iliyokaribia kutimia. Mama alipoteza mengi siku ile, mengine makubwa kuliko ng'ombe, na juu ya hayo alikuwa amejifunza kunyamaza. Lakini mimba ile haikumwacha atulie. Hakujua kama ng'ombe yule alizaa njiani, au alichinjwa kabla, au ndama alisimama na kunyonya. Kambini Burundi aliniuliza mara moja kama nadhani alizaa. Nilikuwa kijana mwenye diploma mpya na majibu mengi ya mambo mengine. Swali lile lilihama nasi mpaka Buffalo.

Ndipo, tukiwa bado barabarani, nikamweleza habari za mwenzangu wa kazi.

Nilifanya kazi katika ofisi ndogo ya chuo kikuu cha Columbus, baada ya kumaliza shahada yangu ya pili hapohapo. Meza iliyotazamana na yangu ilikuwa ya mwanamke Mtamil wa rika langu, mzaliwa wa kaskazini mwa Sri Lanka, ambako nako kulikuwa kumepita vita. Yeye na familia chache za Watamil wa mjini walikuwa na kikundi cha hisani. Walipika na kuuza chakula, wakatuma walichokipata kwao: sehemu iliendesha kliniki ya macho na kisukari, sehemu ililipa walimu wa jioni kwa watoto ambao shule zao zilivurugika, na sehemu iliwanunulia wajane cherehani au ng'ombe wa maziwa, kila mmoja kwa hiari yake.

Sina budi kusema kwamba nilimsikiliza kwa miezi mingi bila kuvutiwa. Mtu aliyeishi kambini huijua hisani kutoka upande wa chini, na kutoka upande ule ina sura nyingine. Nilipigwa picha nikiwa na kikombe cha uji. Sijui ipo ukutani mwa nani. Kilichonifanya niinue kichwa ni neno alilolisema siku moja tukinywa chai: kwamba kanuni ya kwanza ya kikundi chao ni kutopiga picha ya mtu anayepokea. "Mama zetu hawa," alisema, "walikuwa na nyumba na viti. Walikuwa wakikaribisha wageni. Huwezi kumpiga picha mtu aliyekuwa mwenyeji wako." Toka siku hiyo nikaanza kununua chakula chao, na kukila kwa moyo mweupe.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. "Hizo ng'ombe zinakunya?" akauliza.

"Zinakunya, mama."

"Basi, tutatoa moja."

Alitoa akiba yake, sisi watoto tukaongeza, na kabla ya majira ya kiangazi kwisha ng'ombe alikuwa amepatikana kwa mjane mmoja mwenye binti anayesoma. Kwa kikundi, jambo lilikuwa limekwisha vizuri. Kwa mama lilikuwa limeanza. Kwetu ukimpa mtu ng'ombe, hujamsaidia, umemfanya ndugu. Mtaulizana hali, mtatembeleana, na siku moja atakurudishia mtamba kutoka uzao uleule, si kama malipo bali kama mkono unaoshika mkono. Mama alichukulia kwamba yule mjane sasa ni dada yake na mwenzangu wa ofisini ni mshenga. Akaanza kutuma salamu. Akataka kujua rangi, pembe, tabia, na kama anapiga teke.

Nilimpelekea mwenzangu maswali yale kwa haya, nikitanguliza maelezo marefu kuhusu mila. Hakuhitaji maelezo. Alipiga simu kijijini, akarudi na majibu yote: mwekundu, pembe zimepinda ndani, mpole, hapigi teke ila hampendi mbwa wa jirani. Kisha akaniletea picha kwenye simu yake. Nilimkumbusha kanuni.

"Kanuni inakataza watu," alisema. "Ng'ombe hatujamtungia kanuni."

Lilibaki jambo moja gumu. Katika mradi wao, mtamba wa kwanza anayezaliwa hupewa mjane mwingine aliye jirani. Hakuna kinachorudi kwa mtoaji. Nilimpigia mama simu Buffalo nikamweleza, nikingoja aone amevunjiwa heshima.

"Donc," akasema, yaani basi, "mimi hapa ningeiweka wapi? Mu bafu?" Kisha, polepole: "Apewe jirani. Ni vizuri. Lakini izaliwe kwanza, papa. Izaliwe."

Mwishoni mwa mwaka habari ikaja kwamba ng'ombe yule ana mimba, tena imefika miezi sita. Tangu siku hiyo mama hakuwa na swali jingine. Nikipiga simu kumwuliza shinikizo la damu, yeye huanza: "Inazaa ao bado?" Nilimweleza kwamba mimba ya ng'ombe haiharakishwi na simu, akanijibu kwamba alijua hilo kabla hajanizaa.

Januari mwenzangu alitualika kwenye Pongal, sikukuu yao ya mavuno, ambayo siku yake ya pili ni ya kuwashukuru ng'ombe. Kikundi kiliitumia sikukuu hiyo kuuza chakula kwa ajili ya kliniki na masomo. Mama angekataa safari ile ya baridi, lakini mwenzangu aliongeza jambo moja: mama yake mzazi amekuja kumtembelea, naye anatoka kijiji kilekile. Amemwona ng'ombe kwa macho yake.

Mama akapanda basi kutoka Buffalo.

Ukumbi ulikuwa kaskazini mwa mji, karibu na Barabara ya Morse, mbele kidogo ya maduka ninakonunua unga wa muhogo na samaki wakavu. Mama alivaa kitenge chake kizuri na juu yake koti kubwa la Buffalo, akaingia kama mtu anayeingia kwa wakwe. Kulikuwa na muwa umeegemezwa mlangoni, watoto waliovaa hariri chini ya majaketi, na harufu ya iliki. Mwenzangu alikuwa anahangaika na sufuria za kuuza, akatuambia mama yake yuko nyuma, kwenye pongal yenyewe, wali wa maziwa unaoipa sikukuu jina.

Nyuma, chini ya paa la kibaraza, theluji ikiwa imesukumwa pembeni, palikuwa na jiko la gesi la kubebeka. Juu yake chungu cha shaba kilichofungwa majani ya mmea wa manjano shingoni. Ndani ya chungu, maziwa. Watu walikuwa wamekizunguka wakitazama, na mbele yao bibi mmoja mfupi mwenye sari na viatu vya theluji. Sikujua wakati ule kinachongojewa. Maziwa yale huachwa yachemke mpaka yafurike kwa makusudi. Yanapomwagika, watu hushangilia, kwa sababu mwaka utafurika vivyo hivyo.

Na kwetu hakuna balaa kama maziwa kumwagikia motoni. Nimelelewa nikijua hivyo kabla ya kujua kusoma. Moto ukiyaramba maziwa, kiwele cha ng'ombe aliyeyatoa hupasuka, na kama ana mimba, mimba iko hatarini. Mama wa kwetu huweza kumwacha mtoto akilia ili awahi chungu.

Niliyaona maziwa yakipanda. Niliona watu wakiinua simu zao kupiga picha. Sikumwona mama alipoondoka kando yangu. Nilichoona ni koti kubwa la Buffalo likipasua duara, pindo za kitenge zikishika chungu pande mbili, na chungu kikiondoka motoni kikiwa kimebakisha unene wa kidole kufurika. Akakiweka chini, kwenye theluji. Kikatoa sauti ya *shss*.

Watoto waliokuwa wamejaza pumzi ili wapige kelele walibaki nazo vifuani. Mimi, mtu mzima mwenye shahada mbili, nilitamani ukumbi wote usijue kwamba nimekuja na mwanamke yule.

"Yanaanguka mu moto!" mama aliniambia, akihema, kana kwamba mimi ndiye niliyechelewa. "Na ng'ombe iko na mimba! Banaangalia tu! Bako na simu mu mikono!"

Mwenzangu alikuwa ametoka mbio jikoni. Nikamweleza kwa Kiingereza, nikisaga maneno, nikiomba radhi kila baada ya sentensi. Akanizuia kwa mkono. "Usiombe radhi bado. Mama yangu hajasikia." Akamgeukia mama yake, akamfasiria kwa Kitamil neno kwa neno: kiwele, moto, mimba.

Yule bibi alimtazama mama yangu. Akakitazama chungu kilivyokaa kwenye theluji. Akauliza kitu.

"Anauliza hilo la kiwele amefundishwa na nani."

"Na mama yangu," mama akajibu, "na yeye na mama yake."

Bibi akatikisa kichwa kushoto na kulia, jambo ambalo kwao si kukataa. "Anasema na yeye amefundishwa na mama yake kwamba yasipofurika, ng'ombe hukauka mwaka mzima. Anasema anayemzungumzia ni ng'ombe huyohuyo wenu."

Hapo ndipo nilipoelewa ugumu wa jambo lile. Wanawake wawili walikuwa wanamlinda ng'ombe mmoja. Kwa mmoja, lazima maziwa yafurike; kwa mwingine, yasiguse moto. Mwanamume mmoja kutoka nyuma alisema tuendelee tu na desturi kama ilivyo, wageni watazoea. Bibi alimjibu maneno mafupi bila kugeuka, na wale waliokijua Kitamil wakaangua kicheko. Mwenzangu hakunifasiria. Alisema tu, "Ni mjomba wangu. Amenyamazishwa."

Kisha bibi akaingia jikoni kwa viatu vyake vya theluji, akatoka na karai pana, lile walilokuwa wakikaangia maandazi yao ya dengu. Alikuwa amelifuta mafuta. Akaliweka juu ya moto, akakiinua chungu kutoka kwenye theluji, mama yangu akishika upande wa pili bila kuombwa, wakakisimamisha katikati ya karai. Akasema kitu, akimwangalia mama machoni.

"Yafurike," mwenzangu akafasiri, "lakini moto usiyaone."

Mama akainama akakagua chini, pande zote, kama mzee wa harusi anayekagua ng'ombe. Safari hii ng'ombe alikuwepo. "Bon," akasema. "Hapo sawa."

Chungu ndani ya karai huchemka polepole mno. Tulisimama kwenye baridi ile tukipiga miguu chini, na hakuna aliyeingia ndani. Mjomba aliyenyamazishwa alileta chai kwa wote. Mama na bibi walisimama bega kwa bega wakiyalinda maziwa, kila mmoja kwa sababu yake, nami na mwenzangu tukawa nyuma yao tukipokezana maneno: Kiswahili, Kiingereza, Kitamil, na kurudi.

"Mwulize nani anaikamua."

"Mjane mwenyewe."

Mama akashtuka. Kwetu kukamua ni kazi ya wanaume. Mwanamke huyashughulikia maziwa yakishaingia kwenye kibuyu. "Mwanamuke? Na wanaume ya huko banafanya kazi gani?"

Bibi alifikiri kidogo. "Wanazungumza siasa."

"Ah. Kumbe ni walewale."

Walicheka pamoja kabla fasiri haijamalizika. Kisha bibi akauliza kwa nini mama anaiogopea mimba hii hivyo, maana ng'ombe huzaa kila siku duniani. Nilitaka kulikwepa swali lile kwa niaba ya mama. Yeye hakulikwepa. Akasimulia, macho yakiwa kwenye chungu, habari ya ng'ombe wake wa mwisho na tumbo lake. Habari ambayo hakuwa ameisimulia tangu kambini. Nilifasiri nikiwa nimeinamisha kichwa. Bibi hakusema pole. Alisema kwamba vita vilipowafikia, yeye aliingia zizini na kisu, akakata kamba za ng'ombe wake wote, akawaambia waende. Hajui walikwenda wapi. Mmoja wao naye alikuwa na mimba.

Hakuna mmoja wao aliyemshika mwenzake mkono. Waliendelea kuyatazama maziwa.

Yakapanda. Yakasimama ukingoni, yakatetemeka, yakamwagika kwenye karai kwa mlio mkali, na harufu ya maziwa yaliyoungua ikajaa kibaraza. Mama alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja, ameinama akitazama kama kuna tone litakalofika motoni. Hapakuwa na tone. Watu wote wakapaza sauti, "Pongalo Pongal!" na juu ya sauti zao, kwa kuchelewa kidogo, ikapanda sauti nyembamba, ndefu, iliyowafanya watoto wageuke. Mama yangu alikuwa anapiga vigelegele.

Tulikula wali mtamu uliopikwa katika maziwa yale. Mama alirudia mara mbili, akalalamika kwamba sukari imezidi.

Nimefikiri sana juu ya siku ile, na shukrani yangu haimwendei mtu mmoja bali kikundi kizima. Ningeweza kuwashukuru kwa mambo makubwa, kwa macho yaliyotibiwa na watoto waliosomeshwa, na mambo hayo ni kweli. Lakini ninachowashukuru zaidi ni kwamba mwanamke mgeni aliharibu sherehe yao mbele ya wageni walionunua chakula, na swali lao la kwanza likawa amefundishwa na nani. Mtu anayejua kuuliza hivyo ndiye ninayemwamini kupeleka ng'ombe kwa mjane. Hisani nyingi niliyoipokea maishani haikuwahi kuniuliza.

Habari ilitufikia Buffalo. Nilikuwa nimekwenda kumwona mama mwanzoni mwa masika ya Amerika, baridi inapoisha, ingawa katika mtaa ule wa West Side, kati ya nyumba kuukuu za mbao, masika yalikuwa bado tope na theluji nyeusi kando ya njia. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Simu ya mwenzangu iliita nikiwa jikoni, na nilipoona jina lake niliiweka katikati ya meza ili sote tusikie. Alikuwa ametuunganisha na mama yake, aliyekwisha kurudi kijijini. Nyuma ya sauti yake tulisikia kuku.

"Amezaa," mwenzangu alisema. "Mtamba."

Mama hakupiga vigelegele. Alisogeza kiti, hakukaa. "Imesimama?"

Swali likaenda, jibu likarudi. "Amesimama."

"Imenyonya?"

"Amenyonya. Ananyonya sasa hivi."

"Kondo ya nyuma imetoka?"

Safari hii jibu lilikuwa refu. Limetoka salama, mwenzangu akafasiri. Wamelifunga katika gunia na kulitundika kwenye mti wenye utomvu mweupe, ili maziwa yasikauke. Mama aliniangalia. Hatuna desturi hiyo, lakini niliona anaitafutia mahali pa kuiweka, na mahali pakapatikana.

"Banajua," akasema. Kisha akaisogelea simu. "Mwambie yule dada yangu asikamue siku za kwanza. Dang'a, ile maziwa ya kwanza, ni ya ndama."

Kule ng'ambo bibi alicheka hata kuku wakanyamaza. "Anasema mjane anakushukuru, yuko pale kando yake, na mtamba akikua atakwenda kwa jirani kama mlivyokubaliana. Na kuhusu dang'a, mama yangu anasema yeye mwenyewe alianza kukamua kabla wewe hujaota meno."

"Mwulize," mama akasema, na sasa ndipo alipokaa, "wakati ndama inazaliwa, wanaume walifanya nini?"

Jibu halikuchelewa. "Walikunywa chai."

Mama alicheka mpaka akajipangusa macho kwa pindo la kitenge, na aliendelea kujipangusa hata kicheko kilipokwisha. Simu ilipokatwa aliinuka, akafungua friji, akatoa galoni ya maziwa ya dukani ambayo siku zote aliyaita maji meupe. Akamimina katika sufuria ndogo. Aliwasha jiko, kisha akasimama akifikiri, akafungua kabati la chini, akatafuta kwa kelele nyingi kikaango kipana kuliko vyote, akakiweka motoni na sufuria ndani yake.

"Itachelewa hivyo, mama," nikamwambia.

"Una haraka ya kwenda wapi?"

Sikuwa na haraka. Tukasimama pale wawili, tukayangoja yapande.